Namna ya kujua joto la makaa ya mawe linapopotelea katika kituo cha umeme wa mvuke

Kwa mkazi wa Lubumbashi, umeme ni maji. Unatoka Nzilo na Nseke kwenye mto Lualaba, Mwadingusha na Koni kwenye mto Lufira, na sehemu nyingine husafiri takriban kilomita 1,700 kutoka Inga hadi Kolwezi. Hata hivyo, kusini ya mpaka wetu watu huchoma makaa ya mawe: kituo cha Hwange nchini Zimbabwe ni cha miaka mingi, na kile cha Maamba nchini Zambia kilianza kazi mwaka 2016. Sisi wenyewe tuna makaa ya mawe huko Luena, na mengine kwenye bonde la Lukuga karibu na Kalemie, na kila maji yanapopungua mabwawani huzuka mtu akauliza kwa nini tusiyachome. Swali ni halali, lakini anayeliuliza hana budi kujua kwanza kwamba kituo cha zamani cha namna hiyo hugeuza chini ya theluthi moja ya joto la makaa kuwa umeme, na kwamba hata vituo bora kabisa duniani havifiki nusu.

Mwongozo huu unaonyesha jinsi ya kufuatilia joto hilo hatua kwa hatua, kwa hesabu ambayo mwanafunzi wa ufundi anaweza kuifanya kwa kalamu, kikokotoo na jedwali la mvuke, yaani orodha inayoonyesha joto lililobebwa na kilo ya mvuke katika kila hali. Shabaha yake ni kutenganisha hasara za aina mbili ambazo mara nyingi huchanganywa: zile zinazodaiwa na sheria za maumbile, ambazo hakuna fundi atakayezifuta, na zile zinazoletwa na mitambo mibovu au uzembe. Nimewaona watu wazima wakigombana siku nzima juu ya moshi wa dohani, hali joto lililo mara kumi ya lile lilikuwa likiondoka kimyakimya kwenye maji ya kupoozea.

Yajue makaa yenyewe

Makaa ya mawe si makala ya mbabula, yaani mkaa wa miti wa jikoni. Makala yamekwisha kuchomwa mara moja, nayo yamebaki kaboni karibu tupu; makaa ya mawe yana kaboni, haidrojeni, salfa, unyevu na majivu, na kila kimoja kina deni lake. Kwa hesabu yetu tuchukue makaa ya wastani yenye megajuli 24 kwa kilo, unyevu wa asilimia 10 na haidrojeni ya asilimia 4.5. Ikiwa unapima makaa halisi, chukua sampuli kwenye mkanda unaopeleka makaa tanuruni, kidogo kidogo kwa muda wa zamu nzima, wala usichote juu ya lundo, kwa sababu mwezi wa Januari tabaka la juu limelowa mvua na litakudanganya. Majivu hayaungui, lakini husagwa, husafirishwa na kupashwa joto bure, kisha hukwangua mabomba yakipita.

Hesabu hasara za boila

Njia nyepesi ya kupima boila ni kuhesabu kinachotoroka badala ya kile kinachobaki. Hasara ya kwanza ni joto la moshi mkavu. Pima mambo matatu: joto la moshi mahali unapotoka kwenye boila, joto la hewa inayoingia, na asilimia ya kaboni dioksidi katika moshi huo. Toa joto la hewa kutoka joto la moshi, zidisha kwa 0.65, ambayo ni namba ya kukadiria kwa makaa ya mawe ya kawaida, kisha gawanya kwa asilimia ya kaboni dioksidi. Moshi ukiwa na nyuzi 140, hewa nyuzi 25 na kaboni dioksidi asilimia 15, unapata hasara ya asilimia 5. Ikiwa kaboni dioksidi ni 12 tu, kwa joto lilelile, hasara inapanda hadi 6.2, kwa maana hewa nyingi isiyo na kazi imepashwa moto na kutupwa nje.

Hewa hiyo ya ziada hupimwa kwa oksijeni iliyobaki katika moshi: gawanya asilimia ya oksijeni kwa tofauti kati ya 21 na asilimia hiyo. Oksijeni 3.5 ina maana ya hewa ya ziada ya asilimia 20, kiasi kinachofaa tanuru la makaa yaliyosagwa. Oksijeni 7 ni asilimia 50. Ukipunguza mno, makaa hayaungui yote, moshi unakuwa mweusi na monoksidi ya kaboni inaonekana kwenye kipimo. Kwa hiyo fundi hutafuta mahali ambapo jumla ya hasara zote mbili ni ndogo kabisa, na mahali hapo hubadilika makaa yakibadilika.

Hapa nitasimulia kisa kimoja. Katika kiwanda kimoja cha mjini mwetu kulikuwa na boila iliyokula makaa kupita kiasi, na kwa mwaka mzima lawama ilikuwa juu ya makaa mabaya. Kipimajoto cha dohani kilisoma nyuzi 150, na kila mgeni aliambiwa kwa fahari kwamba moshi unatoka ukiwa umepoa. Tulipoingiza bomba la kupimia mahali pawili, oksijeni ilikuwa 5 pale moshi unapotoka tanuruni na 11 chini ya dohani. Kati ya sehemu hizo mbili, nyuma ya ngazi ya chuma, ukuta wa matofali ulikuwa umepasuka. Nilipousogezea karatasi, ilinaswa na kubaki imebandika ukutani kama iliyogundishwa kwa gundi. Hewa baridi ilikuwa ikivutwa ndani, ikipoza moshi kabla haujatoa joto lake kwa maji, na feni ya kuvuta ilikuwa ikifanya kazi karibu maradufu. Tangu siku hiyo sikubali kipimo cha oksijeni cha mahali pamoja.

Hasara ya pili ya boila ni maji yanayotoka yakiwa mvuke. Kila kilo ya haidrojeni ikiungua huzaa karibu kilo 9 za maji. Makaa yetu yana asilimia 4.5 ya haidrojeni, yaani kilo 0.4 za maji kwa kila kilo ya makaa. Ongeza unyevu wa 0.1, unapata nusu kilo. Kuigeuza mvuke na kuitoa dohanini kunagharimu takriban megajuli 1.3, nazo ni asilimia 5.4 ya zile 24. Fundi hana la kufanya juu ya haidrojeni. Juu ya unyevu anaweza angalau kuezeka paa juu ya ghala la makaa. Zilizobaki ni ndogo: kaboni isiyoungua katika majivu, tuseme asilimia 1, na joto linalopita kwenye kuta na maji ya kutoa tope la boila, asilimia 0.6. Jumla ni 12, kwa hiyo asilimia 88 ya joto la makaa imeingia katika mvuke.

Mtu atauliza kwa nini moshi usipozwe hadi nyuzi 60 ili tuokoe lile joto. Jibu ni salfa. Salfa inayoungua huacha kiasi kidogo cha gesi ambayo, ikikutana na mvuke wa maji kwenye chuma chenye joto la chini ya nyuzi 120 hadi 150 hivi, hutonesha asidi ya sulfuriki. Watu wa Likasi na Kolwezi, wanaoitumia asidi hiyo kwenye shaba, hawahitaji kuelezwa inavyofanya chuma. Masizi na majivu yanayogandamana nje ya mabomba, pamoja na magadi meupe yanayojijenga ndani yake kama yale tunayoyaona kwenye birika, huzuia joto lisipite. Kila nyuzi 20 zinazoongezeka kwenye moshi kwa sababu hiyo huondoa karibu asilimia 1 ya ufanisi wa boila. Visima vingi vya kwetu vimechimbwa katika mawe ya dolomiti, na maji yake ni magumu, kwa hiyo nidhamu ya kusafisha maji ya boila si jambo la hiari.

Fuata kilo moja ya mvuke

Sasa tunafika penye hasara kubwa kuliko zote, na ni vizuri kuanzia jikoni. Weka maji ya bukari (ugali) kwenye mbabula. Hapa Lubumbashi, kwenye mwinuko wa takriban mita 1,200, yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi. Kuyafikisha hapo kutoka nyuzi 20 kunahitaji kilojuli 320 kwa kila kilo. Kuyakausha yote hadi sufuria ibaki kavu kunahitaji karibu kilojuli 2,270 zaidi, yaani mara saba. Joto hilo la pili, ambalo halionekani kwenye kipimajoto, huitwa joto fiche. Kituo cha mvuke kinalilipa boilani na kulitupa lote kwenye kondensa, chombo kinachopoza mvuke uliotumika uwe maji tena.

Chukua mvuke wenye kanieneo (presha) la bari 100 na nyuzi 540, ambao unatoka kwenye turbini, mtambo wa mapanga unaozungusha jenereta, ukiwa na nyuzi 40. Jedwali la mvuke linasema kilo moja imebeba kilojuli 3,477 inapoingia, na maji yanayorudi boilani yana takriban 178. Boila imeipa, basi, kilojuli 3,300. Turbini isiyo na kasoro yoyote ingetoa kazi ya kilojuli 1,380. Turbini halisi, kwa msuguano wa mvuke, mivujo pembeni mwa mapanga na mtikisiko wa mtiririko, inapata asilimia 87 ya hizo, yaani 1,200. Zilizosalia, 2,100, zinakwenda kwenye maji ya kupoozea. Linganisha hasara hiyo na asilimia 5 ya moshi mkavu, ndipo utajua ugomvi wa dohani ulikuwa wa nini.

Mwanafunzi mmoja aliniambia, “Mwalimu, si tuuchukue ule mvuke uliochoka tuurudishe boilani kama ulivyo, tusitupe lile joto?” Wazo linavutia, lakini mvuke wa nyuzi 40 una kanieneo la kilopaskali 7.4 tu, na kilo moja yake inajaza zaidi ya mita za ujazo 17. Kuukandamiza hadi bari 100 kungekula kazi zaidi ya ile turbini iliyotoa. Ukishaufanya maji, kilo hiyohiyo inaingia katika chupa ya lita moja, na pampu inaisukuma kwa kilojuli 12 au 13. Kutupa joto fiche ndiyo bei ya kupata pampu ndogo.

Mpaka wa juu kabisa uliwekwa na Mfaransa Sadi Carnot mwaka 1824: hakuna mtambo wa joto unaoweza kupita kiasi kinachoamuliwa na joto la juu na joto la chini peke yake. Hesabu kwa kelvini, yaani ongeza 273 kwenye nyuzi. Nyuzi 540 ni kelvini 813, nyuzi 40 ni 313. Gawanya 313 kwa 813, toa kwenye 1, unapata asilimia 61.5. Lakini turbini yetu kamilifu ilitoa 1,380 kati ya 3,300, ambazo ni asilimia 42. Ishirini nzima zimekwenda wapi, na hatujaweka msuguano wowote?

Zimekwenda katika namna joto linavyoingia. Maji yanaanza kupokea joto yakiwa na nyuzi 40, yanachemka kwenye 311 kwa kanieneo hilo, na ni sehemu ndogo tu ya mwisho inayopokelewa karibu na 540. Ukitafuta wastani wa joto hilo kwa njia sahihi, kwa kugawanya kilojuli 3,300 kwa badiliko la entropia (kipimo cha jinsi joto lilivyotawanyika) lililomo katika jedwali, unapata kelvini 536, yaani nyuzi 263. Weka 536 mahali pa 813 na hesabu ya Carnot inakupa asilimia 42 zilezile. Nadhani hii ndiyo hesabu yenye faida kuliko zote kwa anayejifunza mitambo ya mvuke, maana inamwonyesha kwamba moto wa tanuru, unaopita nyuzi 1,300, na hata joto la mvuke lililoandikwa kwenye kibao cha mtambo, si vitu vinavyoamua. Kinachoamua ni wastani.

Kutokana na hapo, mbinu zote za wahandisi zinaeleweka kwa mara moja. Kuchota mvuke kidogo katikati ya turbini ili upashe maji yanayorudi boilani kunaondoa ile sehemu ya mwanzo iliyo baridi. Ndiyo sababu kituo kikubwa huwa na vipasha maji sita, saba au zaidi, na kimoja kikifungwa kwa kuvuja, makaa yanaongezeka siku hiyohiyo. Kurudisha mvuke boilani upashwe mara ya pili kunainua wastani na pia kunaukausha. Kupandisha kanieneo kupita bari 221 kunaondoa kuchemka kwenyewe, kwa kuwa juu ya hapo maji na mvuke havitofautiani tena.

Kikwazo cha kupanda zaidi ni chuma. Kwa joto hilo, chuma kilichobeba mzigo hurefuka polepole mwaka baada ya mwaka hadi kipasuke. Kituo cha Eddystone karibu na Philadelphia, Marekani, kilisanifiwa katika miaka ya 1950 kwa nyuzi 649 na bari 345, lakini kililazimika kushushwa hadi karibu nyuzi 610. Vituo vya kisasa vilivyo bora hufanya kazi kwenye nyuzi 600 au zaidi kidogo, kwa vyuma vyenye kromiamu nyingi ambavyo bei yake inaeleza kwa nini wengi wameridhika na 540.

Usisahau unyevu wa mwisho. Mvuke wetu unatoka turbini ukiwa na matone ya maji ya asilimia 12 hivi, na kila asilimia 1 ya unyevu hupunguza ufanisi wa hatua za mwisho za turbini kwa takriban asilimia 1, kando na kuyatoboa mapanga. Karibu na 12 ndipo wasanifu wengi huweka mpaka.

Pima kondensa, na ujihadhari na mwinuko wetu

Joto la juu likiwa limefungwa na chuma, upande wa chini ndio unaobaki mikononi mwa mwendeshaji. Rudia hesabu ya turbini kwa kondensa yenye nyuzi 50 badala ya 40, na kazi halisi inapungua kwa kilojuli zaidi ya 50 kati ya 1,200. Nyuzi kumi tu zimekula zaidi ya asilimia 4 ya umeme.

Kipimo kinachohitajika ni kanieneo ndani ya kondensa, na hapa ndipo watu wa nyanda za juu hukosea. Kipimo cha ombwe husoma tofauti kati ya ndani na hewa ya nje. Pwani, hewa ya nje ina kilopaskali 101. Lubumbashi ina takriban 88. Kipimo kikisoma ombwe la kilopaskali 80, mwenye kitabu kilichoandikwa pwani ataona kanieneo la ndani ni 21, jambo la kutisha, na ataamuru mtambo usimamishwe. Ukweli ni 88 toa 80, yaani 8, hali nzuri kabisa. Vivyo hivyo, anayetaka kipimo kisome 93 kama alivyofundishwa pwani atatafuta hitilafu ambayo haipo. Nunua barometa, isome kila zamu, na uandike kanieneo kamili.

Ukishapata kanieneo hilo, tazama jedwali kujua joto la mvuke linalolingana nalo, kisha ulilinganishe na joto la maji ya kupoozea yanapotoka. Tofauti ikiwa nyuzi 3 hadi 5, mabomba ni safi. Ikikua, ama mabomba yana utando ndani, ama hewa imeingia na kuyafunika kwa nje kama blanketi. Ili kutofautisha, funga kwa dakika chache vali ya kifaa kinachovuta hewa, huku mwenzako akisimama tayari kuifungua, na uangalie ombwe linavyoshuka: likishuka haraka, hewa inavuja mahali fulani, aghalabu kwenye vizibo vya shafti ya turbini au kwenye flanji (viungo vya mabomba) zilizolegea.

Maji yenyewe hupozwa mnarani, na mnara hauwezi kuyashusha chini ya joto la kipimajoto kilicholowa. Lipime mwenyewe: funga kitambaa cha pamba kilicholowa maji safi kwenye ncha ya kipimajoto, kipepee kwa dakika tatu, usome. Usiku wa Juni kitasoma chini sana, na mvua za Desemba zitakipandisha, kwa sababu hewa iliyoshiba unyevu hainywi tena. Maji ya mnara hubaki nyuzi kadhaa juu ya kipimo hicho, mvuke nyuzi kadhaa tena juu ya maji, na hivyo ile 40 ya mfano wetu inakuwa si chaguo la mtu bali jumla ya ngazi hizo. Kituo cha Nordjylland nchini Denmark, kilichofikia asilimia 47 hivi, kina vyuma vizuri, lakini kina pia bahari baridi mlangoni.

Umalizie kwa kinachotoka getini

Jenereta nzuri hupoteza asilimia 1.5 tu, na sitakaa hapo. Matumizi ya kituo chenyewe ni jambo jingine: visagio vya makaa, feni, pampu ya boila na pampu za kupoozea hula asilimia 6 hadi 9, na kwetu feni hudai zaidi, kwa kuwa hewa ya mita 1,200 ni nyepesi kwa zaidi ya asilimia 10, na lazima uvute ujazo mkubwa zaidi ili upate oksijeni ileile. Tuseme 8.

Zidisha sasa: megajuli 24 mara 0.88 ni 21.1 katika mvuke, mara 0.364 ya turbini ni 7.7; mara 0.985 ya jenereta ni 7.6, mara 0.92 ni megajuli 7 zinazotoka getini. Ni asilimia 29. Gawanya 7 kwa 3.6, unapata kilowati-saa 1.94 kwa kilo ya makaa, au zaidi kidogo ya nusu kilo kwa kila kilowati-saa. Mfano wetu hauna vipasha maji wala upashaji wa pili. Ukiviweka, utapanda hadi kwenye 33 au zaidi.

Fanya hesabu hii kwanza mtambo ukiwa na mzigo kamili, kisha tena ukiwa na nusu ya mzigo, kwa sababu feni na pampu hazipungui kwa kiwango kilekile na turbini hutoka kwenye mahali pake pazuri. Halafu irudie Juni na Desemba kwa makaa yaleyale. Tofauti inayofuata kipimajoto kilicholowa ni ya hali ya hewa. Iliyobaki, itafute kwenye ukuta wa matofali, kwenye flanji na ndani ya mabomba.